Ombi la Kumwondoa Baba Yangu Darasani

Mheshimiwa Baba Paroko na Mkuu wa Shule,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni yule msichana wa dawati la tatu, upande wa dirisha, ambaye labda hujawahi kuisikia sauti yake. Kabla ya kuja kwako nilisomeshwa kwa lugha mbili, na ninanyamaza vizuri kwa zote mbili. Ndiyo maana naandika.

Nakushukuru kwa kutuanzishia parokia ndani ya ghala la pamba lililokuwa makao ya popo. Jumapili tunasali humo, Jumatatu tunageuza mabenchi yaelekee ubaoni, shule inaanza. Hilo sina neno nalo. Neno langu ni juu ya tangazo lako la matofali.

Ulitangaza kwamba kila nyumba itakayofyatua matofali elfu moja ya kujengea kanisa jipya itapata nafasi moja katika shule ya kilimo. Umri hukuutaja, Padre. Baba yangu alifyatua elfu mbili. Tulidhani nafasi ya pili ni ya mdogo wangu, na Mama alimsifu Baba kwa kuona mbali, maana mdogo wangu ana miaka miwili. Siku ya kufungua shule Baba alinyoa ndevu, akavaa shati la harusi yake, akaja kuketi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shule ina darasa moja tu. Mwalimu alisema anayejua kusoma aketi na asiyejua. Baba, asiyejua, alilitazama darasa zima kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, kisha akaja moja kwa moja kwangu.

2. Hunyoosha mkono kwa kila swali, la kulijua na la kutolijua. Tulipoulizwa samadi ikae muda gani kabla ya kutiwa shambani, alijibu sawasawa, halafu akaongeza, "Hata binti yangu hili analijua, haya tu zinamsumbua. Sema, mama, usiogope." Watu thelathini wakageuka. Sikusema. Mpaka leo sijasema.

3. Wamemchagua kiranja. Kazi ya kiranja ni kuandika wapiga kelele. Kwa kuwa hajui kuandika, huwahifadhi kichwani na kuwataja mbele ya Mwalimu, pamoja na majina ya baba zao na tabia za babu zao. Mimi nilitajwa kwa kushusha pumzi.

4. Wiki iliyopita alichelewa. Mwalimu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio, akamwambia asirudi bila mzazi. Kesho yake alimleta Bibi. Bibi alimsema mwanawe mbele yetu tangu utoto wake, akaketi apumzike, akasikiliza somo la kuzalisha mbuzi, akamsahihisha Mwalimu mara mbili. Alipotoka aliuliza nafasi moja ni matofali mangapi. Leo hii amekwisha kufyatua mia sita. Kwa mwendo huu, Padre, mpaka mwezi ujao nitakuwa nasoma na ukoo mzima, na wa kutulea hatabaki nyumbani.

5. Mama anatia saini ripoti mbili. Yangu huiweka kando. Ya Baba huisoma kwa sauti tukiwa mezani, akirudia pale palipoandikwa "anaongea mno".

6. Hili ni gumu, na ningependa kulisema kama ninavyosema kitubioni. Siku ya jaribio nilimwona Baba akiinamia karatasi yangu, nikaifunika kwa kiwiko. Akageukia dirishani, akakaa hivyo mpaka kengele. Njiani kurudi nyumbani aliniambia taratibu kwamba hakuwa anaiba majibu, maana hata angeyaona asingeyajua. Alikuwa anatazama ninavyoshika kalamu. Mtoto hapaswi kubeba mzigo wa namna hii, Padre, na hasa asiyeweza hata kusema "samahani" kwa sauti ya kusikika.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu Baba aondolewe darasani. Kama kanuni hairuhusu, basi nirudishiwe matofali yake elfu moja. Najua yamekwisha kujengewa ukuta wa nyuma ya altare. Nitayatoa mwenyewe, moja moja, polepole, nisisumbue Misa.

Nisalimie Mwalimu, mpishi, fundi wa lile trekta ambalo tunalisukuma zaidi kuliko linavyolima, na ng'ombe wa shule, ambaye peke yake hajawahi kuniuliza kwa nini siongei.

Wako mtiifu katika Kristo,
Mwanafunzi wa dawati la tatu, upande wa dirisha

Nyongeza: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kuchota maji. Niliporudi, Baba alikuwa ameishika, kidole kiko kwenye neno "popo". Niliponyoosha mkono nimnyang'anye, alisema, "Niache, mama." Nilikwenda kisimani safari mbili zaidi. Ameisoma yote, Padre, mpaka saini, na hajawahi kusoma kitu chochote mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema tu kwamba shati lile si la harusi, la harusi lilichanika zamani. Anataka kukuletea barua hii mwenyewe, akusomee. Tafadhali usimwondoe. Akikwama mahali, usimsaidie. Msubiri.