Kidude cha USB na Ng'ombe wa Mzee Parmuat

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukungu umeshuka toka Ngorongoro hadi mlangoni pa kibanda changu cha kuingiza nyimbo kwenye simu, hapa Karatu. Sioni ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sioni steshenari ya Obed. Siku imeanza vizuri.

Saa nne akatokea ukunguni Kimaren wa kijiji cha Endulen, kajifunga shuka, mkononi kaseti moja ndani ya soksi ya mtoto. Ni sauti ya baba yake, Mzee Parmuat, akiwaimbia maksai wake jina kwa jina. Padri mmoja mpenda nyimbo aliirekodi zamani. Mzee yuko hai, ila tangu apasuliwe koo mwaka juzi hana sauti. Ananong'ona tu, tena sikioni kwa mkewe. Ng'ombe wake walizoea kurudi nyumbani kwa wimbo ule. Kimaren akiwaimbia yeye, wanamwangalia, wanaendelea kula. Mwezi uliopita mtamba mmoja alibaki porini jioni, fisi wakamkuta. Anataka wimbo uingie kwenye simu, upigwe kwa spika, ng'ombe warudi. Kaseti ni hiyo moja tu duniani. Atakuja Jumamosi.

Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya mara nyingi. Sijawahi. Lakini nimeiota mara nyingi.

Kuna tatizo dogo. Kompyuta yangu ni bubu tangu ilipomwagikiwa chai mwezi wa tatu. Nikaenda sokoni nikanunua kidude cha sauti cha USB. Kidogo kama kidole gumba, matundu mawili: la kijani la kutoa sauti, la pinki la kuingiza. Nikakichomeka. Taa ya bluu ikawaka. Taa nzuri sana. Sauti hakuna.

Nikaitazama taa ile mpaka nikajikuta studio. Studio yangu! Kuta za sponji nyekundu. Winnie wa mgahawa wa jirani kakaa kwenye kiti kinachozunguka, ananiuliza kitufe hiki cha nini. Nilipoamka ilikuwa saa nane na shavu langu lina alama za kibodi.

Jumanne, 3 Juni

Nimejaribu yafuatayo. Kuzima na kuwasha, mara sita. Kupuliza tundu. Kukichomeka upande wa kushoto. Kukichomeka upande wa kulia ghafla, kabla kompyuta haijajiandaa. Kukianika juani, lakini jua lenyewe halikutoka.

Winnie akaleta chai, akaiweka mbali na kompyuta bila kuambiwa. Akaona hali. Akavuka barabara, akarudi na majibu ya Obed ambayo sikuyaomba. Obed anasema niingie kwenye mipangilio ya sauti. Kuna sehemu mbili, ya sauti inayotoka na ya sauti inayoingia. Nichague jina la kidude kote kuwili, la sivyo kompyuta itaendelea kutumia spika na maiki yake ya zamani.

Nikamwambia Winnie huo ni mtego. Mtu mwenye kompyuta tano hawezi kumsaidia mwenye moja. Winnie akauliza Obed angepata faida gani. Nikasema ndiyo maana ni mtego, faida yake haionekani. Akachukua kikombe kabla sijamaliza chai.

Jumatano, 4 Juni

Ushindi!

Usiku niliota meza yangu imegeuka yenyewe, imeelekea kreta, na sauti zote za dunia zinaingia dirishani: njuga, ndege, mtu anaita mtoto wake. Asubuhi nikaigeuza meza kweli. Halafu, kwa ajili ya kumkosoa Obed tu, nikaingia kwenye ile mipangilio nikachagua jina la kidude katika sehemu ya kwanza. Hapohapo sauti ikatoka kwenye hedifoni. Safi, nyembamba, tamu.

Ni meza. Nilijua tu.

Sehemu ya pili sikuigusa. Mtu hawezi kumtii Obed mara mbili kwa siku moja.

Alhamisi, 5 Juni

Leo kazi yenyewe. Nimetoa redio kaseti ya marehemu babu, nimepitisha waya kutoka redio hadi tundu la pinki. Redio ni nzee, hata ukichomeka waya spika yake haizimi, inaendelea kuimba chumba kizima. Bora zaidi, nafanya kazi huku naburudika. Kwenye kioo kuna mistari ya kijani inayopanda na kushuka kufuata sauti. Nikakohoa, nayo ikaruka. Kifaa kina hisia hiki.

Halafu Mzee Parmuat akaanza.

Sijui Kimaasai, najua salamu tu. Lakini sauti ile inatoka mbali, inatembea polepole, inasimama, inamtaja mmoja, inaendelea. Nilimwona kila maksai. Mwenye pembe iliyoinama. Mwenye baka jeupe ubavuni. Nikawafuata kwenye majani marefu, miguu yangu haina uzito. Nimekulia Machame kwenye migomba, sijawahi kuchunga hata mbuzi, lakini leo nilichunga. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika.

Nilipofumbua macho kaseti ilikuwa imekwisha zamani na nje wanafunzi wanarudi nyumbani. Nikasikiliza dakika ya kwanza ya nakala. Wimbo upo, tena una mwangwi wa kistudio. Dakika nyingine thelathini sikuona haja ya kuzisikiliza.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Nitaandika kwa kifupi.

Nilimwita Winnie aje asikie. Ningeweza kumpigia nakala. Nilitaka aone kaseti ikizunguka. Redio ikasaga, ikanguruma, ikaumeza utepe. Nikauvuta taratibu. Nikauvuta kidogo zaidi. Ukakatika mara tatu, na kipande kimoja kimebaki tumboni mwa redio hadi sasa.

Winnie akazima redio. Akasema nimwambie Kimaren. Nikamjibu kwamba nakala ipo, na nakala ndiyo kaseti ya leo. Akasema nimwambie vilevile.

Nimelirudisha ganda la kaseti ndani ya soksi. 

Jumamosi, 7 Juni

Kimaren alikuja na Landrova ya binamu yake. Mbele kakaa Obed! Kimaren alihitaji spika kubwa ya betri, na Karatu nzima aliiona ya Obed tu. Winnie naye kapanda, ana dada yake muuguzi hospitali ya Endulen. Nikakaa nyuma na soksi mapajani. Nilipanga kusema tukifika Lodoare, geti la kuingilia hifadhi. Tulipofika nikapanga kusema juu, penye kuona kreta. Kreta ilikuwa imejaa ukungu mweupe kama maziwa kwenye kibuyu. Nikaitazama nikasahau nilichopanga.

Bomani Mzee Parmuat alikuwa kwenye kigoda chake, fimbo magotini. Mwembamba, mtulivu. Mkewe, Yeyo Nanyokie (yeyo ni mama), alinisalimia kwa mikono miwili, nikazidi kujisikia vibaya. Saa kumi na moja jioni ng'ombe walikuwa bondeni, wametawanyika hadi ukingo wa msitu. Obed akaunganisha simu ya Kimaren, yenye nakala yangu, na spika.

Wimbo ukatoka. Bonde lote likasikia. Mzee akashika fimbo kwa nguvu, midomo yake ikaanza kufuata maneno. Ng'ombe mmoja akainua kichwa. Wakainua watatu. Halafu kundi likageuka, likaanza kupanda, na Yeyo akafunika mdomo kwa kanga. Nilijisikia mrefu kuliko spika.

Dakika ya nne, nikakoroma.

Si hapo nilipokuwa nimesimama. Kwenye spika. Mkoromo mnene, wa mtu aliyeshiba, kati ya jina la maksai mmoja na la mwingine. Obed akaniangalia. Akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba sehemu ya pili sikuichagua, kompyuta ilirekodi kwa maiki yake ya ndani, chumba kizima. Nilikuwa naandaa jibu pale spika ilipojibu kwa niaba yangu. Ni mimi, naota kwa sauti. Nikasema Obed yuko sahihi. Nikasema Winnie asimwambie. Nikasema tena Winnie azungushe kiti polepole. Halafu nikaendelea kukoroma.

Watoto walilala chini kwa kucheka. Winnie aligeukia upande wa hospitali. Ng'ombe hawakujali, walizidi kuja.

Obed akasema si neno, wapewe kaseti wamletee yeye, atairekodi upya vizuri. Kila mtu akanitazama. Nikamkabidhi Yeyo soksi, nikasema yote. Redio, utepe, Ijumaa. Kimaren akamtafsiria mama yake, na kila alipotafsiri sentensi akasogea mbali nami hatua moja. Yeyo akatoa ganda, akalitikisa sikioni. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Akauliza kama ule usingizi unaweza kuondolewa. Obed akajibu kwa heshima kwamba akiuondoa atamwondoa na Mzee, wameshikana.

Ndipo Mzee akamvuta mkewe, akamnong'oneza. Yeyo akacheka mpaka akashika ukuta. Kimaren akatafsiri: Mzee anauliza yule anayekoroma ni maksai gani, mbona hakumbuki kuwa naye. Na Mzee mwenyewe anacheka, mabega yanaruka, hakuna sauti hata chembe. Akanionyesha kidole, halafu simu. Ipigwe tena.

Ikapigwa tena. Yeyo akalifunga ganda tupu kwenye ncha ya kanga yake, mafundo mawili. Sikuweza kuangalia.

Jumatatu, 16 Juni

Kimaren kapiga simu. Ng'ombe wanarudi kila jioni, hakuna aliyebaki nje. Watoto wanakoroma pamoja na spika, ndiyo mchezo mpya. Mzee kampa maksai mmoja jina langu. Nikauliza yukoje. Mnene, akasema Kimaren, na huwa wa mwisho kufika.

Nimefikiria sana jambo hili. Ni wazi kwamba nina kipaji.

Mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa kwaya, kasikia habari zangu, ingawa sidhani kama kazisikia zote. Kaleta boksi la kaseti kumi na mbili za kwaya ya zamani. Nusu ya waimbaji wameshafariki, na nakala nyingine hakuna. Nimemwambia kazi hiyo nimeifanya mara nyingi, na safari hii ni kweli.

Winnie kaleta karatasi ya Obed yenye maelekezo, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kachora hadi mishale. Meza ilikuwa inayumba tangu niigeuze. Nimeikunja karatasi mara nne, nimeiweka chini ya mguu wa nyuma. Imetulia kabisa. Lazima nikiri, Obed leo kanisaidia.

Saa saba mchana. Ukungu umerudi, mlango nimeurudishia. Kaseti ya kwanza inazunguka, sauti ya kwanza na ya pili, halafu za wazee chini kabisa, zinakuja polepole kama watu wanaotoka kanisani. Mikono kwenye meza, kichwa kwenye mikono, dakika mbili tu. Mistari ya kijani inacheza. Inacheza hata ninapopiga miayo. Kifaa kizuri sana.