Kidole Changu Kina Wino, Sauti ni ya Mwenyekiti

Jamani, leo nimeaibika uwanjani kwangu, mbele ya watu niliowaita mwenyewe! Kuandika sijui, nasema tu, mjukuu wangu Zaina ndiye anawaandikia hapa mtandaoni. (Anacheka. Na hilo liandike!)

Zaina anatengeneza programu za kompyuta huko Korogwe mjini. Yeye na wenzake, wengine hata hawajawahi kuonana, wanatengeneza moja ya bure kabisa, ya kuwasomea watu ujumbe wa simu kwa Kizigua, lugha yetu. Nikaipenda! Maana ujumbe wangu mimi ananisomea jirani, Mama Rukia, na yeye akisoma kijiji chote cha Kwedizinga kinasikia. Nataka simu inisomee mwenyewe, sikioni.

Jana Zaina akaniambia, "Bibi, tunahitaji sauti za watu. Sema chochote, kama watu wanavyoongea huku." Akaniachia simu, akaenda shamba na mama yake. Nikasema weee! Mpaka jua likazama.

Asubuhi hii ananiambia, kabla sauti haijaenda, lazima nikubali mkataba. Mkataba! Huku kwetu hata mbuzi haondoki zizini bila shahidi. Nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mhina, aje na muhuri wake. Nikamwita na Mama Rukia. Kidole gumba nikakipaka wino kabisa, nikakisimamisha juu.

"Bibi, muhuri wa nini? Unabonyeza tu hapa."

"Mke mwenzangu, nyamaza. Wewe soma."

Akasoma. Sauti inabaki yangu, ila nawaruhusu watu wote waitumie, waibadilishe, hata waiuze.

"Waiuze?"

"Ndiyo, bibi. Hata wewe unaruhusiwa kuuza."

Haya. Na tena, ninachokitoa ni changu mwenyewe, sijachukua cha mtu. Hapo nikapaza sauti, wasikie mpaka barabarani: "Changu! Mimi cha mtu sijawahi kugusa!" (Mdomo huu!)

Nikasogeza kidole. Mzee Mhina akanizuia. "Ngoja kwanza. Mimi sipigi muhuri kitu ambacho sijakisikia."

Zaina akafungulia simu.

Simu ikakohoa. Mara tatu. Halafu, kwa Kizigua safi, sauti ya puani: "Ndugu wananchi... maji... yapo njiani." Mzee Mhina mwenyewe huyo, katoka kwenye simu!

Kidole juu.

Ikafuata nyingine, ya kunong'ona: "Dada, niongezee pilau hapa. Siyo yangu, ni ya mgonjwa." Na mgonjwa anasikika anatafuna! Mama Rukia huyo, yuko msibani.

(Sasa ningesema nini peke yangu kutwa nzima? Nilichoka, nikaazima midomo ya watu, nikawaigiza.)

"Ina maana mimi ndivyo ninavyoongea?" akauliza Mama Rukia. Kwa kunong'ona vile vile!

Mzee Mhina akakohoa. Mara tatu. Zaina akaanguka na kigoda chake kwa kicheko.

"Bibi," akasema anajifuta machozi, "mkataba unataka kilicho chako. Haya ni maneno ya watu. Siwezi kuyapeleka mpaka wenyewe wakubali."

"Mimi sikubali!" Mama Rukia huyo. "Na yule mgonjwa alikuwepo kweli!"

"Futa," akasema mzee Mhina, muhuri anaurudisha mfukoni. "Na maji yapo njiani kweli."

Zikafutwa zote. Kazi yangu ya kutwa nzima, hivi hivi!

Zaina akanionea huruma. "Usijali, bibi. Sema upya. Ila kwa sauti yako mwenyewe."

Nikakaa vizuri. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya marehemu mume wangu, anadai chai. Nikarudia. Ikatoka ya Zaina, na midomo nimeibenua kabisa.

Mashahidi wameondoka. Kidole bado cha bluu. Mimi nipo hapa naitafuta sauti yangu, aliyewahi kuisikia aniambie ikoje. Na nawaomba msinitumie vicheko, jamani. Zaina kesho anarudi Korogwe, majibu yenu atanisomea Mama Rukia.