Kalamu ya Kujaribia

Kola alikuwa mlangoni mwa duka la vifaa vya ofisi, anajifanya kusoma bei za mafaili, alipomsikia bwana mmoja ndani akisema kwa sauti ya mtu anayependa kusikilizwa: "Nipe kalamu ya wino ya mtu mkubwa!"

Muuzaji akauliza anataka nibu gani, ile ncha ya kuandikia: nyembamba, ya kati au pana.

"Nimekwambia ya mtu mkubwa. Sasa nibu nyembamba ya nini?"

Kola akafumba macho, akashukuru. Mtu hajui anachonunua, na bado anapiga kelele! Wa namna hiyo hawaokotwi kila siku. Bwana alipotajiwa bei akageuka na kutoka mbiombio, na Kola alikuwa keshamtangulia nje.

Aliitwa Kola kwa sababu ya kola yake, nyeupe, iliyopigwa wanga mpaka ikamnyima kugeuza shingo. Shati lililoibeba lilikuwa na matundu mgongoni, ndiyo maana hakuvua koti hata jua liwake vipi.

"Samahani, mzee," akasema. "Nimeona wanataka kukuuzia bati lililopakwa rangi. Imeniuma sana. Ilikuwa ya zawadi?"

Ilikuwa ya zawadi. Bwana yule alikuwa Naibu katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Mkuu wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee wa Vizazi, alikuwa anastaafu baada ya kuandika majina ya watoto wa nusu ya mji kwa mkono wake mwenyewe. Wafanyakazi walikuwa wamechanga wote, mpaka wafagiaji. Mchango alikuwa nao Naibu, na kiti cha Mzee alikuwa anakitazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Mimi ninazo za nibu ya dhahabu," Kola akanong'ona. "Nusu ya bei uliyotajiwa. Ila usimwambie mtu."

Naibu akawaza ile nusu itakayobaki, na itabaki mfuko gani, uso ukamng'aa. Hakuuliza nibu yenyewe inaandikaje. Wakaagana kukutana kesho yake mchana kwenye mgahawa wa jirani.

Sasa kazi ya Kola ilikuwa hivi. Alikuwa na kalamu moja ya kweli. Moja tu. Aliiazima katika chumba cha kusubiri cha wakili fulani, na wakili hajapewa taarifa mpaka leo. Nibu yake ilikuwa dhahabu hasa. Ikipita juu ya karatasi huisikii. Kalamu hiyo ndiyo iliyomlisha na kumlipia chumba kwa miaka minne. Pamoja nayo alikuwa na pacha wake kumi na wawili, aliowanunua wote kwa bei ya sufuria moja, wanaofanana nayo kila kitu isipokuwa tabia. Mteja anajaribu ile ya kweli, analainika, kisha anauziwa "mpya" iliyolala kwenye kiboksi cha mahameli. Ya kweli ina wino, ya bandia ni kavu, na hiyo ndiyo alama pekee aliyotumia Kola. Macho yake yalishaanza kukataa vitu vidogo, na miwani alisema inamharibia sura. Kuandika mwenyewe haandiki. Aandike nini, amwandikie nani?

Kesho yake Naibu hakuja peke yake. Alifuatana na mama mmoja mfupi, miwani ina kamba shingoni, na mkoba wa kutosha kuhamia nyumba.

"Huyu ni Bi Masjala, mtunza mafaili wetu," Naibu akasema kwa uchovu. "Wafanyakazi wameng'ang'ania lazima aje. Basi nimekuja naye."

"Shikamoo, mama," akasema Kola.

"Marahaba, mwanangu. Kalamu iko wapi?"

Akapewa ile ya kujaribia. Akatoa daftari mkobani, akachora visanduku vidogo, akaanza kuandika ndani yake. Kola akaona ni wakati wa somo.

"Mama, nibu ya dhahabu ni laini. Inajifunza mkono wa mwenyewe. Mwaka mmoja tu, imeshamzoea kuliko mke wake."

"Mzee wetu anaandika kwa kushoto."

"Hii haichagui mkono."

"Na visanduku vya madaftari yetu ni vidogo. Nibu pana ingemjazia wino mpaka jina la mtoto lisisomeke. Hii nyembamba inamfaa." Akaisogeza karibu na miwani, akaitazama kwa muda mrefu. "Hii ni kalamu, mwanangu. Ndiyo tunayochukua?"

"Hapana, mama! Hiyo imeshikwa na kila mtu. Yenu ni hii hapa, haijagusa wino tangu izaliwe. Pacha wake."

"Pacha," akasema Bi Masjala. "Hebu nimwone."

Akaitazama nayo kwa muda ule ule, nibu kwa nibu. Kola akahisi joto chini ya kola.

"Naweza kuijaribu?"

"Ukishaitia wino si mpya tena, mama. Utampa mkuu wako kitu kilichotumika?"

"Kweli, itakuwa aibu," akasema, akaagiza glasi ya maji ameze dawa yake ya presha.

Naibu alikuwa amechoshwa na habari za nibu. "Mtaalamu," akasema, "achana na huyu mama. Sikiliza hotuba yangu, uniambie kama imekaa vizuri."

Akasimama katikati ya mgahawa, akafungua karatasi tatu. Mzee wa Vizazi alikuwemo kwenye mistari minne ya mwanzo. Kurasa zilizobaki zilimhusu Naibu: bidii ya Naibu, maono ya Naibu, unyenyekevu wa Naibu. Kola akamgeukia mwili mzima, maana shingo haikumruhusu vinginevyo, akatikisa kichwa kwa heshima huku moyoni anacheka. Jamani, na hawa ndio wanaotuandikia vyeti! Hotuba ilipokwisha akapiga makofi.

Alipogeuka mezani, Bi Masjala alikuwa anafunga mkoba. Ya kujaribia ilikuwa mbele ya Kola, nibu ina wino mbichi. Pacha alikuwa mahamelini, mkavu. Maji kwenye glasi yalikuwa na rangi ya buluu. Dawa za wazee nazo zina vituko, akawaza Kola, akafunga kiboksi na kumkabidhi Naibu kwa mikono miwili.

"Tuandikie na risiti," akasema Bi Masjala, akampa biro. "Kalamu halisi, nibu ya dhahabu. Bei. Na jina lako."

Naibu akakunja uso aliposikia neno bei. Kola hakujali, wateja wake hawakuwahi kumpata tena. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la yule wakili, kwa kuwa alikuwa amelisoma sana mlangoni siku ile alipokuwa anangoja chumba kibaki kitupu. Akaliandika hilo.

Siku tatu baadaye akampata mwenye duka la mbao, tajiri, anatafuta zawadi ya mkwe. Kola akampa ya kujaribia, aliyoijaza wino asubuhi ile, akaegemea kiti, akaanza: "Nibu ya dhahabu, mzee wangu, ni laini..."

Krrr! Karatasi ikachanika. Tajiri akakaza mkono, nibu ikatema, na wino ukarukia ile kola nyeupe.

"Hii ndiyo dhahabu?" tajiri akacheka mpaka akashika tumbo. "Misumari yangu inaandika vizuri zaidi!"

Kola akainyakua, akaandika mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Krrr. Ndipo alipoikumbuka ile glasi. Dawa gani ya presha inageuza maji buluu? Yule mama aliiosha ya kweli, akaichovya ya bandia kwenye wino wa mkobani mwake, na yeye Kola mwenyewe akaifungia ya kweli kwenye kiboksi na kuitoa. Kwa nusu ya bei!

"Mwizi!" akapiga kelele barabarani. "Mama mtu mzima, na miwani yake! Mji huu hauna tena watu waaminifu!" Na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa, maskini.

Bila kalamu ile alikuwa muuza bati. Akakumbuka hotuba ilitaja kuwa sherehe ya kumuaga Mzee ni leo alasiri. Akatia pacha mmoja mkavu mfukoni, akapanga kuishika ya kweli nukta moja tu na kurudisha nyingine.

Ukumbi wa ofisi ulijaa watu. Mzee wa Vizazi alikuwa amekaa mbele, kalamu iko mkono wa kushoto, anaandika kadi za shukrani taratibu, macho yamemlowa. Kola alikuwa anajipenyeza ukutani Naibu alipomwona.

"Mtaalamu wangu huyu hapa! Mpisheni!"

Akasukumwa mpaka mbele.

"Mzee, naomba nikuonyeshe namna ya kuishika," akasema, mkono umeshatangulia.

"Anajua," Bi Masjala akamkata, akasimama katikati yao. "Alianza kushika kalamu hujazaliwa."

Kola akamwinamia sikioni. "Mama, hiyo ni yangu."

"Si umetuuzia?"

"Niliwauzia ile nyingine."

"Nyingine ipi, mwanangu? Sema kwa sauti, watu wasikie."

Kola akaufunika kwa mkono mfuko wenye pacha.

"Risiti inasema dhahabu, tumepata dhahabu. Sasa umekuja kulalamika kwamba hukutuibia?" Akageukia ukumbi, akaisoma risiti yote kwa sauti ya masjala, na bei yake. Wafagiaji wakatazamana. Kisha wote wakamtazama Naibu, ambaye alikohoa na kusema alikuwa ndiyo kwanza anataka kutangaza kwamba nusu ya mchango imebaki, na ni ya Mzee, naam, ya Mzee.

"Mtaalamu athibitishe!" mtu akapaza sauti nyuma.

Kola akaitazama kalamu. "Ni halisi," akasema. Hakuwahi kumwambia mteja neno la kweli kabla ya hapo. "Haina mfano. Mtunzeni... itunzeni vizuri."

Makofi yakalia. Mzee akainuka, akamshika mkono, akaomba risiti aone jina la mfadhili wake. Kisha akaketi, akaandika kadi kwa nibu ile, bila haraka, herufi zimesimama wima zote. Akaikausha kwa pumzi, akampa.

Kola akaisomea nje, ameisogeza mbali na macho. *Kwa shukrani nyingi,* na chini yake jina la wakili.