Nani Atawachukua Wajukuu Agosti

Jumatatu, 25 Mei

Vita vimetangazwa. Vimetangazwa mezani, kati ya nyama ya kuoka na pudini, na mkwe wangu Imogen, ambaye hata nyumba ikishika moto angetujulisha kwa upole. Yeye na mwanangu Clifford watakuwa kazini Agosti yote, kwa hiyo watoto watakaa wiki mbili kwa bibi mmoja. Mmoja! Na bibi mwingine ni mama wa Imogen, Rosalind, mwalimu mkuu mstaafu, shingoni skafu ya hariri hata jua likiwaka.

Watoto watachagua wenyewe Jumamosi, kwenye mashindano ya bata wa plastiki. Hadi hapo, kwa kuwa shule zimefungwa wiki nzima, kila bibi ana siku zake za kuwatembeza mjini. Mimi Jumanne na Alhamisi. Rosalind Jumatano na Ijumaa. Zawadi marufuku. Peremende marufuku.

Rosalind akatoa ratiba yake, imepigwa chapa, ina rangi. Imogen akaniuliza yangu iko wapi. Nikamwambia iko kichwani, humo hailoi mvua. Mimi nimezaliwa mferejini, kwenye mashua ya makaa ya mawe, hatukukaa mahali hata shule moja ikatujua majina, na kuandika kanifundisha marehemu mume wangu Wilf nikiwa tayari mama wa mtu. Lakini mji huu wa Aldersbury naujua kama mfuko wa aproni yangu. Nitashinda. Sioni nitashindwaje.

Barnaby ana miaka tisa na maswali hayaishi. Tabitha ana sita, meno ya mbele hayapo. Nyumba yangu iko kimya mno tangu Wilf aende. Basi. Hilo linatosha kuandikwa.

Jumanne, 26 Mei

Ngome! Foleni ya langoni ilikuwa imefika duka la nyama. Kulipa sikatai, kusimama ndiko ninakokataa. Mimi najua mlango mdogo ukutani, upande wa mto, ambako mlinzi hutokea kuvuta sigara. Mpango: tusimame pale, atoke, tuingie. Rahisi.

Tukasimama. Tukala mkate na jamu. Nageuka, nyuma yetu kuna mzee na mbwa wake. Nyuma ya mzee, mke na mume chini ya mwavuli mmoja. Nyuma yao, familia nzima ya makoti ya njano. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu wetu ndivyo walivyo: wakikuona umeuelekea mlango uliofungwa, wanajipanga nyuma yako.

Mwishowe yule mzee akasema samahani sana, hataki kusumbua, ila humo ndani kuna nini? Ningeweza kusema sijui. Nikasema kuna kitanda alichofia malkia. Malkia yupi? Yule mnene, nikajibu. Habari ikateremka foleni, na ilipofika mkiani malkia alikuwa amekatwa kichwa humo humo kitandani.

Mlango ukafunguka. Mapipa ya taka. Tele, yamejaa, yananuka samaki. Mlinzi akaona umati, sigara ikamdondoka. Mzee akasema, "Ah. Naam." Kisha, naapa kwa kaburi la Wilf, wakapita mmoja mmoja kuyatazama mapipa, kwa sababu walikuwa wamesubiri. Mama wa mwavuli aliuliza kama picha zinaruhusiwa. Barnaby alicheka mpaka akakaa chini.

Ushindi mtupu!

Jioni Imogen akapiga simu. Tabitha amewaambia majirani wote kuwa malkia alifia jalalani. Akaniomba, Mama, tafadhali, tusiwafundishe watoto uongo. Nikamwambia si uongo, ni historia ambayo bado haijathibitishwa. Akakata simu. Kwa upole.

Jumatano, 27 Mei

Siku ya Rosalind. Mtu mwenye akili humchunguza mpinzani wake. Nimevaa koti la mvua la Wilf na kofia yake ya kuvulia samaki, nikawafuata hadi kanisa kuu. Hakuna ambaye angenitambua.

Kazi aliyowapa! Wanaweka karatasi juu ya bamba la shaba la kaburi, wanasugua kwa kalamu ya nta, anatokea shujaa wa kale na upanga wake. Nilitegemea watapiga miayo. Hawakupiga. Barnaby alikuwa ametoa ulimi nje kwa umakini. Nikasogea nione vizuri. Rosalind akainua kichwa. Nikajitupa kwenye mabenchi, nikapiga magoti, nikajifanya nasali.

Goti likagoma. Kushuka lilishuka, kupanda likakataa katakata. Nikasali muda mrefu kuliko nilivyowahi kusali maishani, na kufikia mwisho nilikuwa nasali kwa dhati. Kisha mkono laini ukanishika kwapani. Skafu ya hariri ikanipiga puani.

Rosalind akasema, "Dorcas, mpenzi, si ungesema tu kama unataka kuja?"

Nikamwambia mimi huja hapa kusali kila Jumatano. Akasema vizuri sana. Tabitha akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye kengele, "Bibi, mbona umevaa kofia ya babu ya samaki?" Halafu wakanipa karatasi na mimi nisugue. Nilimsugua shujaa mmoja. Alitoka vizuri kuliko wao wote, lakini sikutaja.

Mwanamke yule ni hatari. Anapigana kwa wema.

Alhamisi, 28 Mei

Zamu yangu. Mtoni! Hapa Rosalind hana lake. Nilimwambia mwenye boti kuwa nimeshika usukani kabla yeye hajajua kutembea. Akajibu, "Sawa, mama, lakini zimebaki hizi tu," akatupa boti ya kukanyaga kwa miguu iliyotengenezwa kama bata maji mkubwa mweupe, shingo ndefu, macho ya kijinga.

Kitu kile hakina usukani. Kina kijiti kati ya magoti. Ukikisukuma kushoto, kinazunguka. Kulia, kinazunguka. Tulizunguka mbele ya mkahawa wenye watu wanaokula skonzi, na kila tulipopita walitupungia. Nikawapungia kama niliyepanga.

Ndipo akaja bata maji wa kweli. Dume. Amefungua mabawa, shingo chini, anakuja kama treni. Barnaby akauliza, "Bibi, anatupenda au anatuchukia?" Nikamwambia kwa bata maji ni kitu kimoja, kanyaga! Wakakanyaga. Mimi nikamtukana yule ndege matusi yote ya mferejini, mengine nilikuwa nimeyasahau tangu nikiwa msichana. Tukaingia kwenye matete hadi shingoni, yaani shingo ya boti. Mwenye boti akaja na upondo kutuvuta, na njia nzima mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Tabitha alilowa hadi kiunoni. Akasema hii ndiyo siku nzuri kuliko zote duniani. Nimeshinda, nikajiambia. Imekwisha.

Imogen alipomvua soksi, maji yakamwagika sakafuni. Akaenda kuchukua tambara. Clifford naye akaniangalia vile baba yake alivyokuwa akiniangalia. Kisha Tabitha akarudia neno moja la mferejini, akiwa ametulia, kama anaomba chumvi.

Nilirudi kwangu kwa miguu.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua. Tabitha ana mafua, kwa hiyo Rosalind hakutoka na mtu. Nilifurahia mvua kidogo, nikajilaumu kwa mafua, nikapika supu ya kuku, nikaipeleka. Nafika, Rosalind keshafika. Na supu. Mtoto akanywa zote mbili. Nikamuuliza ipi tamu. Akapiga chafya.

Jumamosi, 30 Mei

Mji mzima ulikuwa darajani. Wakamwaga bata wa plastiki mtoni, gunia kwa gunia, watu wazima wakawapigia kelele kwa majina. Bata wa Tabitha alikuwa wa mwisho na sikumsaidia kwa lolote, maana Imogen alikuwa amenishika mkono. Alisema ni kwa upendo.

Halafu akachuchumaa akawauliza watoto. Moyo wangu ulikuwa unagonga hadi nikadhani Rosalind anausikia. Barnaby akavuta pumzi kama anayesoma hukumu.

"Kwa Bibi Rosalind."

Nimeshindwa. Mimi! Nikautazama mto. Clifford akamuuliza mwanawe mbona hivyo.

"Kwa sababu tukiwa kwa Bibi Rosalind, Bibi Dorcas atakuja kujificha," akasema Barnaby. "Tutakuwa nao wote wawili. Lakini tukiwa kwa Bibi Dorcas, Bibi Rosalind hatajificha. Hajui."

"Hajui kabisa," akasema Tabitha. "Hana hata kofia."

Daraja zima likacheka. Hata mchungaji, aliyekuwa amebeba gunia tupu la bata. Rosalind akawa mwekundu hadi ndani ya skafu, akasema ana chumba cha ziada kinachotazama bustani, na mlango wa mbele upo, na ingekuwa furaha yake nikija. Nikamshukuru, nikamwambia Agosti nina shughuli. Clifford akauliza shughuli gani. Nikasema shughuli.

Upepo wa mtoni ni mbaya kwa macho. Nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza.

Kwa hiyo wananijua, wadudu wale wadogo. Wanadhani bibi yao ni mtu wa kujificha kwenye vichaka vya watu. Mwanamke mwenye heshima zake.

Jumapili, 31 Mei

Nimeamka na akili mpya. Kichaka hapana. Kichaka ni cha wasio na mpango. Mdogo wangu Enoch ana karavani, kile kijumba cha magurudumu ambacho familia nzima inakijua, haitumii, na nyuma ya bustani ya Rosalind kuna shamba la Mzee Gethin, lenye ua wa miti mnene. Kutoka upande huu waona yote. Kutoka ule huoni kitu.

Nikaenda kwa Mzee Gethin baada ya kanisa. Nikamwambia nataka kona ya karavani Agosti, pale karibu na ua, na iwe siri. Akajikuna kichwa. Akasema kona hiyo imeshawekwa. Nikauliza na nani. Akasema Bi Rosalind alipiga simu jana jioni, kaomba kona kavu iwekewe Bi Dorcas, nyasi zikatwe fupi, kwa ajili ya goti.

Nikalishika lango lake, kondoo wananitazama.

Kisha ikanijia. Lo, mwanamke yule ni mjanja! Anataka nikae mahali atakaponiona.

Nikamwambia Mzee Gethin kona kavu siitaki. Anipe ile ya chini, yenye tope, nyuma ya pipa la maji. Akaniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika kama leo. Rosalind hatajua kabisa kama nipo.