Ombi la Kuwaandikisha Mbu wa Mfereji Mkavu

Mtaa wa Mfereji Mkavu,
Kiwalani,
Dar es Salaam.
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mzee Mwinshehe,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: MBU KUTAMBULIWA KUWA WAKAZI NA WAPIGA KURA HALALI

Shikamoo Mzee.

Kuna mlio haujanitoka masikioni tangu Jumanne. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Bibi yangu, Bibi Demetria, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Mbu akapita mbele ya uso wake, naye akambana kwa viganja viwili: pwa! Simu yangu, niliyokuwa nimeiacha mkekani, ikajibu: ting! Kisha sauti tamu ya mwanamke ikasema, “Asante, mkazi. Kura yako ya NDIYO imepokelewa.”

Bibi akaitazama simu, akamtazama mbu, akanitazama mie.

“Hope,” akaniuliza, “nimemchagua nani?”

Na kwa kuwa si msemaji mikutanoni, jambo unalolijua maana umeniona miaka minne nikikaa pembeni na daftari nikihesabu mikono, nimeamua kuandika.

Kwa faida ya watakaoisoma barua hii kwenye ubao wa matangazo, naeleza kwanza kilichotokea. Injinia Erasmus, aliyetajirika kwa aplikesheni ya kuagizia chipsi, anataka kiwanja chetu, kile kimoja tulicho nacho, pembeni ya ofisi ya mtaa. Anataka kujenga kituo cha ndege ndogo zisizo na rubani zitakazopeleka chipsi mayai hewani. (Kwamba tunaishi jirani na uwanja wa ndege, na hewa yetu tayari ina wenyewe, ni jambo nililoliacha kwa wahusika.) Badala ya mkutano wa kunyoosha mikono ametuletea aplikesheni nyingine, Mtaa Mkononi, inayosikiliza makofi. Kofi moja, kura moja ya NDIYO. Zikifika elfu ishirini kabla ya leo saa kumi na mbili jioni, kiwanja ni chake. Aliyeipakua hupewa bando la bure, ndiyo maana simu zote za mtaa, yangu ikiwemo, zinasikiliza mchana na usiku kwa wiki ya tatu sasa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hesabu. Nilisomea takwimu, na sijaajiriwa, kwa hiyo muda ninao. Mtaa wetu una wakazi elfu mbili mia tisa, pamoja na wanaonyonya. Hadi Alhamisi kura zilikuwa zimepita elfu kumi na nane. Nilichora mchoro wa kura kwa saa. Mchana ziko chini. Saa kumi na mbili jioni zinaanza kupanda, saa mbili usiku ziko kileleni, alfajiri zinalala. Nikaweka pembeni siku za mvua. Kila baada ya mvua, siku kumi zikipita, kura zinaongezeka maradufu. Mzee, sijawahi kuona uchaguzi unaotaga mayai.

Kwa makadirio yangu, kura sita katika kila kumi zimeletwa na mbu. Zilizobaki ni pambio za kwaya, ngoma za kumtoa mwali, na Mama Chausiku, ambaye hurusha chapati kutoka kiganja hiki kwenda kile, pa-pa-pa, na hivyo kupiga kura mia nne za NDIYO kila asubuhi huku akiutukana mradi. “Wakijenga hicho kitu, mie na jiko langu tukakae wapi? Hewani?” Pa-pa-pa.

2. Mfereji. Januari Injinia aliahidi kuuzibua. Vijana wa sepetu walifika, wakakaa siku moja, na kura zilipoanza wakaondolewa. Simlaumu. Kila anayetaka kura huenda kuwatunza walio wake, na walio wake wako kwenye maji yale. Ila sasa angalia ilivyo: mbu wamepata makazi, maji ya uhakika na usalama. Sisi wenye vitambulisho tumepata bando. Kama kuna kundi linalosikilizwa na viongozi katika mtaa huu, ni hilo lao, na ninachoomba mimi ni kwamba jambo hili lifanyike kwa maandishi.

3. Aplikesheni haina HAPANA. Niliwaandikia kwa heshima kuulizia. Nilijibiwa na kompyuta, ndani ya sekunde mbili, kwamba “hapana ni ndiyo ambayo bado haijapewa taarifa za kutosha.” Nikapendekeza msonyo. Ni sauti yetu, haina gharama, mtoto wa Kiwalani huijua kabla hajajua kuita mama. Wakajibu kwamba misonyo yote ya mtaa imeshapokelewa na imehifadhiwa kwenye kundi la kelele za upepo.

4. Wafuasi. Wiki iliyopita Injinia alijirekodi akipiga makofi, akauliza, “Mfereji Mkavu, mko tayari?” Wakaitikia kwa makofi, mtandaoni, watu wa Mwanza, wa Mombasa, na wengine wa mahali panapoitwa Minnesota, na wote wakaandikwa kuwa wakazi wa mtaa wetu. Mbu, kwa upande wao, wamezaliwa hapahapa.

5. Wewe mwenyewe, Mzee, na nakuomba radhi kabla sijaandika. Tangu Injinia akupe kishikwambi na cheo cha Balozi wa Ubunifu, umebadilika. Ulisimama mbele ya watu wazima ukasema, “Jamani, zama za kunyoosha mikono zimekwisha, mnachosha makwapa bure.” Na daftari langu la kuhesabia mikono umeliweka chini ya kishikwambi ili kamera ikuone vizuri kidevu.

6. Hili la sita nalilalamikia dhidi yangu. Injinia alipokuja kuwa mgeni rasmi mwezi wa kwanza, mie ndiye niliyeandika muhtasari. Kama tulivyofundishwa, kila watu walipopiga makofi niliandika “(Makofi)”. Niliandika mara kumi na nne. Lakini sote tunajua makofi yetu ni ya nini. Mgeni akifika, makofi. Akisema yeye si mtu wa maneno mengi, makofi. Akisema “kwa kumalizia”, hapo ndipo watu husimama kabisa. Ni malezi. Mtu aliyekuja kwako humwachi akaongea akakaa chini kwa ukimya kama amefumaniwa.

Injinia akausoma muhtasari wangu, akaona mtaa unaokubali mambo kumi na manne ndani ya saa moja, akaenda kutengeneza chombo cha kuupima. Nimelifikiria hili kuliko nilivyofikiria mtihani wowote. Mabano yale niliyaweka mimi. Ningeweza kuandika “(Makofi ya adabu)”. Ni maneno mawili tu ya kuongeza, na wino ulikuwepo.

Na kiwanja chenyewe, Mzee, unakijua. Hatuna pengine pa kuweka turubai. Babu Projestus tulimlilia pale, na wewe ulikuwepo, uliosha masufuria. Bibi Demetria ni mzima, anakula, anagombana, lakini sehemu yake ameshaichagua: upande wa mlango wa ofisi, kivuli kinapoanzia saa saba, ili wageni wa kutoka Bukoba wasiungue jua. Ananionyesha kila tukipita. Juzi aliniuliza, “Wakishajenga, mie mtanililia wapi? Kwenye foleni ya chipsi?” Alicheka alipouliza. Mie sikucheka, na nadhani aliona, maana alinishika mkono hadi nyumbani.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

Kwanza, mbu wote wa mfereji mkuu na matawi yake waandikishwe.

Pili, wapewe wakala wao wa kusimamia kuhesabu, kwani hadi sasa ndio wapiga kura pekee ninaowafahamu ambao kura yao huhesabiwa kwa kuuawa. Mtu anapigaje kura na kufariki kwa tendo hilohilo moja, halafu asitumiwe hata salamu?

Tatu, wapewe viti maalumu viwili kwenye kamati ya mtaa. Wanaouma ni majike peke yao. Madume hayajachangia hata kura moja.

Nne, wakishakaa kwenye kamati, waulizwe kama wanazihitaji chipsi mayai. Nina hakika watasema hapana. Na kwa kuwa ndio wengi, hapana yao itatosha kutuokoa na sisi.

Najua ombi la namna hii huchukua muda, na leo saa kumi na mbili haiko mbali. Kwa hiyo naomba nikutaarifu nilichofanya, nikijua umeshakiona dirishani kwako. Ijumaa asubuhi, nikisaidiwa na Fakihi, mlinzi wa ofisi, nilisimamisha turubai katikati ya kiwanja. Nikapanga viti. Bibi akajifunga khanga kiunoni, akakaa mbele kama mfiwa mkuu. Watu wakaanza kuja. Hakuna aliyeuliza kafa nani hadi alipokuwa ameshakaa na kunywa chai, maana ndivyo ilivyo kwetu: unakaa kwanza. Walipouliza, Bibi aliwaambia ukweli: amefariki Mkutano Mkuu wa Mtaa, ule wa kunyoosha mikono, baada ya kuugua muda mfupi. Wengine walicheka. Wengine walisema kumbe, na wakaanza kutaja mema yake. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu wali ulikuwa unaiva.

Saa nne walifika wapima ardhi wa Injinia, watatu, na utepe na vigingi. Wakaliona turubai. Wakavua kofia. Hakuna mtu anayeng'oa turubai la msiba, Mzee. Hata barabara ya lami hufungwa kwa ajili yake. Wakakaa. Mkubwa wao, anaitwa Lusungu, alimpa Bibi pole kwa mikono miwili, na tangu Ijumaa wanalala kwenye mikeka na wanaume wengine.

Na msibani, kama unavyojua, hakuna anayepiga makofi. Mama Chausiku amehamia kwenye masufuria ya wali, kwaya inaimba nyimbo za taratibu, na mbu wanafukuzwa kwa ncha ya khanga. Mtaa mzima uko kwenye msiba, walio chini ya turubai na waliobaki majumbani, na simu zake mifukoni, na tangu Ijumaa mchana kura za NDIYO zimesimama pale pale: elfu kumi na nane mia sita na arobaini.

Leo saa kumi na moja tutapiga kura yetu humo humo, kwa mikono. Daftari nimelichukua chini ya kishikwambi chako. Nimeweka tofali badala yake. Kidevu kitaonekana vilevile.

Msalimie Mama, wajukuu, na wale wageni wenu wa Ifakara. Bibi anasema njoo ule, hana kinyongo na mtu aliyeosha masufuria ya Babu.

Ni mimi, ambaye mkono wangu uko juu,
Hope Projestus,
Mhesabu Mikono wa kujitolea.

Nakala: Ubao wa matangazo, Injinia Erasmus, Mbu wote, Mfereji Mkuu.

N.B. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Mzee, ulikuwepo, lakini muhtasari ni muhtasari. Wasiotaka kituo: mikono mia tatu na kumi na sita, ikiwemo mitatu ya wapima ardhi. Wanaotaka: mmoja, wa kwako, na ulishuka Bibi alipogeuza shingo. Nilisimama kuyatangaza matokeo. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu ilifika viti vya nyuma. Furaha ikanijaa hadi sikujua niiweke wapi, na nikapiga makofi.

Ya kwanza yalikuwa yangu. Kisha mtaa mzima ukafuata, kwaya ikapanda pambio, Mama Chausiku akatupa mwiko ili apate mikono miwili. Nilisikia ting ya kwanza, halafu hazikuhesabika, ikawa kama mvua ya mawe juu ya bati. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Hadi Bibi anafanikiwa kuketisha watu, NDIYO zilikuwa elfu thelathini na moja mia mbili na saba. Injinia ameshatuma ujumbe: “Wakazi wamezungumza.”

Kwa hiyo naliondoa ombi langu lote. Mbu hawakuhusika. Walikuwa wamefukuzwa kwa khanga; tulikuwa sisi.

Turubai halijashuka. Bibi ametangaza kwamba marehemu ana ndugu wengi na msiba utakwenda hadi arobaini. Ubaoni nimeshaandika kwa chaki: chai saa moja asubuhi, kila mwombolezaji aje na kikombe chake, na akishike kwa mikono miwili muda wote.