Mate ya Meneja

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepewa cheo! Dada ameniambia nisimamie mswaki wa binti yake, maana yeye ana zamu za asubuhi kiwandani. Shangazi wa mtoto alikuwa ameshajitolea kwa kazi hiyo. Kabwagwa! Mjomba ni mimi, na ninayelala sebuleni ni mimi.

Binti ana miaka tisa, amezaliwa na hali ya Down syndrome, na tunamwita Meneja kwa sababu ndiye anayetuendesha. Daktari wa meno kasema watoto wa namna yake hushikwa sana na ugonjwa wa fizi. Kampa kichupa chenye mstari mwekundu. Alhamisi asubuhi, kabla ya mswaki na chai, atemee humo mate yakapimwe. Kazi ndogo.

Jumanne, tarehe 4
Meneja anapiga mswaki kama seremala anavyopiga msasa mlango. Juu kulia, ishirini. Juu kushoto, ishirini. Ulimi. Akikosea hesabu anaanza upya! Nikamwambia kumi zinatosha, tuwahi katuni. Kasema bado, kaendelea. Kisha kanikabidhi mswaki wangu. Nikadai nimeshapiga. Kaugusa, kaukuta mkavu. Nikatoka mbio. Mtoto gani huyu!

Alhamisi, tarehe 6
Meneja kakaa kitini, kainamisha kichwa, kangoja mate yaje yenyewe kama tulivyoagizwa. Dakika kumi, hata nusu ya mstari hayajafika. Yeye hana haraka. Mimi ninayo. Nikamwazia shangazi akitangaza mtaa mzima kwamba hata mate yamenishinda! Meneja alipokwenda kuvaa viatu, nikajazia mwenyewe. Mate ni mate. Yakafika mstarini barabara.

Kugeuka, Meneja yuko mlangoni na kiatu kimoja. Nikamkonyeza. Kainama, kavaa kiatu cha pili.

Jumatatu, tarehe 10
Balaa! Daktari kapiga simu. Hajawahi kuona mate ya mtoto yenye vijidudu vingi hivyo, anahofia fizi zimeharibika kwa ndani. Anataka Meneja alazwe, apewe dawa ya usingizi, asafishwe kwa kina. Meneja alipasuliwa moyo akiwa mchanga, na kwenye usingizi ule nusura asiamke. Dada kakaa chini jikoni, kalia. Shangazi kamshika mkono.

Nilitaka kusema. Naapa. Lakini nikabuni mpango mwingine: kesho nitamweleza daktari kwamba kichupa kilipigwa na jua njiani.

Jumanne, tarehe 11
Kliniki nilianza vizuri ile hadithi ya jua, hata jasho nikalitaja. Meneja akanishika mkono, akasema polepole, neno moja moja, kwamba mjomba alitema ndani. Kisha akawaambia wasinigombeze, mjomba alikuwa na haraka.

Nilitamani ardhi inimeze. Dada hakunitazama kabisa. Shangazi kanitazama kwa niaba ya wote.

Daktari katoa kichupa kipya. Meneja kakaa, kichwa chini, robo saa nzima, na sisi watu wazima wanne tumekaa tukimsubiri. Hayakufika mstarini. Daktari kasema mstari ni makadirio tu, hata robo ingetosha! Nikamwonea fahari Meneja. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kufanya jambo lolote kwa utulivu ule.

Ijumaa, tarehe 14
Safi! Mate safi, fizi nzima, hakuna kulazwa! Dada kapiga vigelegele pale pale kliniki. Hata shangazi kanipa mkono, ingawa baadaye nilimwona akiunawa. Meneja hakushangaa. Kasema anajua, alihesabu.

Daktari kampongeza, kisha, kama aliyesahau, kauliza yale mate ya kwanza hasa yalikuwa ya nani. Vidole vitatu vikanielekea. Kanipa kichupa, mstari mwekundu ule ule, nikirudishe Jumatatu. Majibu yakiwa kama yale, magego yangu matatu mabovu yanang'olewa.

Nimewaza tangu tuliporudi. Meneja ananipenda, hilo halina ubishi. Na kinywa kisafi kuliko vyote katika nyumba hii ni chake. Jumatatu nitamwamsha mapema, kabla dada hajashtuka, nimwombe anitemee kidogo. Mpaka mstarini tu. Mate ni mate.