Kasia la Kaboni na Ugali wa Kipaimara

Jumatano, 5 Julai 1995

Shule za binafsi zinachipuka kila mahali, na Padre Meinrad anafungua ya parokia hapa Kitura. Anataka mwalimu mmoja wa fizikia. Mimi au Edmund. Edmund ana suti. Mimi nina kasia! Mjomba Joakim kaniletea kutoka Mbamba Bay. Aliachiwa na mgeni Mzungu. Jeusi, jepesi kama bua. Nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, kama kwenye ndege. Jumapili, sherehe ya kipaimara, nitalitumia kusonga ugali wa Askofu mbele ya Padre. Aione sayansi kwa macho yake.

Ijumaa, 7 Julai

Jaribio alfajiri, baridi ya kung'ata masikio. Kasia juu ya mawe mawili, gunia la mahindi likining'inia katikati. Halikupinda! Limefaulu. Joto sikulijaribu, kaboni haiogopi moto.

Mama Restituta, mpishi mkuu, kagoma: ugali wa Askofu unuke usipa, dagaa wa ziwani? Nimelisugua kwa majivu hadi akasalimu amri. Edmund kauliza kama tunapika au tunavuka ziwa.

Jumapili, 9 Julai

Aibu. Mwanzoni safi, Padre akitabasamu. Ugali ulipokaza, kasia likalegea. Nikakaza mikono. Krr! Likakunjika ndani ya sufuria. Mama Restituta akapaza sauti: "Albina mwanangu, kasia lako limelewa kabla ya wageni!" Jiko zima kicheko. Ugali wenye vipande vyeusi wakapewa nguruwe. Askofu akala ndizi. Edmund akavua koti, akashika mwiko wa mti, akasonga upya. Vizuri, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 10 Julai

Nimekata penye mkunjo, nikachungulia. Nyuzi hazina kosa! Gundi ndiyo iliyolainika kwa joto, ikaacha kuzishikilia. Upande uliobanwa umejikunja na kuvunjika. Uliovutwa ni mzima. Mbio hadi kwa Padre. Shikamoo, kisha maelezo mpaka chai yake ikapoa. Kasema Edmund alipoulizwa sababu alijibu ni mkosi. Kazi ni yangu! Sharti moja: kasia lisiguse ugali tena. Nikaapa.

Alhamisi, 13 Julai

Siku ya kwanza shuleni. Kipande cha mpini kilichobaki kimepoa, kigumu kama chuma. Jikoni wanachemsha maharage ya wanafunzi, na mwiko wao mfupi.

Padre alikataza ugali. Maharage hakuyataja.